Mafuta ya Bastola Mbili

Mjukuu wangu Zaina anashona magauni katika chumba changu cha mbele, na kila Jumamosi huitia mashine yake mafuta. Harufu ile ikinifikia jikoni, harufu nyembamba ya chuma kilichosafishwa, mkono wangu huacha chochote ulichoshika. Zaina hunicheka na kuniuliza kama nimeona jini. Yeye simjibu. Nitawajibu ninyi, kwa sababu hamwezi kunicheka usoni.

Baba yangu, Fundi Rajabu, alikuwa mshonaji hapa Kasongo, Kongo, wakati wa Wabelgiji. Kanzu zake zilivaliwa kila Idi, lakini jina lake lilitembea zaidi kwa sababu ya vitu vilivyoharibika. Saa iliyokufa, kufuli lililokataa ufunguo, baiskeli ya karani, vyote viliishia barazani kwetu. Na mara moja kwa mwaka, kabla ya safari yake ya kiangazi kwenda Kabambare, mkubwa wa teritware, yaani wilaya yetu, alimletea baba bastola zake mbili azisafishe. Mzungu huyo tulimwita Bwana Sasaivi, maana kila alichoagiza alikitaka sasa hivi, hata mvua.

Bastola ya kwanza ilikuwa ya zamani, nzito, nyeusi, yenye silinda ya matundu sita inayozunguka. Ya pili ilikuwa mpya na bapa, inang'aa, na risasi zake zilikaa ndani ya mpini, zikisukumwa juu na resori, ule waya uliojikunja. Ukiipiga, kifuniko chake cha juu kilirudi nyuma chenyewe, kikatupa ganda, kisha kikaja mbele na risasi nyingine. Mimi niliipenda hiyo mpya. Ilikuwa nzuri, na wakati huo nilidhani kitu kizuri hakina kosa.

Baba hakukubaliana nami hata kidogo.

"Hii ya zamani ni mutu wa shamba," alisema. "Inakula chochote. Risasi moja ikikataa, unavuta tena, nguvu ya kidole yako inaleta ingine. Hii mupya ni bwana arusi. Inataka risasi muzuri, resori muzuri, mafuta muzuri. Kitu kimoja kikikosa, haitoke nyumbani."

Nilikuwa na miaka tisa hivi, na kazi ya mafuta ilikuwa yangu. Baba alizifungua bastola, akaviosha vyuma kwa petroli, akavipanga juu ya kitambaa cheupe. Risasi zote zilibaki kwa Bwana Sasaivi. Kisha baba, aliyeniita mama kwa mapenzi kama mabinti wanavyoitwa kwetu, aliniambia, "Mwamini, mama, tone moja hapa, matone mawili pale," akinionyesha kwa ncha ya sindano. Vidole vyangu vilikuwa vidogo na viliingia pale vyake vilipokwama. Nilijiona fundi kamili, na wenzangu waliocheza nje niliwahurumia.

Siku ile, baada ya kunionyesha, baba alikwenda msikitini kuswali adhuhuri. Kopo la mafuta ya mashine, lenye mdomo mrefu kama wa korongo, lilikaa kwenye rafu ya juu. Kwa kawaida aliniteremshia mwenyewe. Lakini fundi kamili anasubirije kuteremshiwa? Nikapanda juu ya kiti, nikajinyoosha, nikaligusa kwa ncha za vidole, nalo likaja chini na kifuniko chake kikafunguka. Sakafu yetu ya udongo iliyanywa mafuta yote kabla sijashuka.

Mafuta yale yalitoka mbali na yalipatikana kwa shida. Nikaingiwa na hofu, na hofu ya mtoto ina akili nyingi za kijinga. Jikoni mama alikuwa anachemsha mawese mpaka wekundu wake ufe, kama wanawake wetu wanavyofanya wakitaka kukaangia samaki. Yalikuwa yamegeuka manjano hafifu, ya moto, mepesi kama maji. Niliyatazama nikaona ni yale yale. Mama alipotoka kuita kuku, nikajaza kopo.

Baba aliporudi alikuta kila chuma kimepata matone yake. Harufu ya petroli ilikuwa imefunika nyingine zote, na jua la mchana lilikuwa kali. Alizifunga bastola, akaivuta hii, akaizungusha ile, vyote vikateleza vizuri. "Mikono yako iko na baraka," akaniambia. 

Asubuhi ya kiangazi Kasongo ina baridi yake. Nilipoamka nilikuta mawese ya mama yameganda ndani ya sufuria, magumu, yanakatika kwa kijiko. Nilisimama mbele ya sufuria ile, na kabla sijafikiri neno la pili, polisi alikuwa mlangoni akimwita baba.

Nilimfuata mpaka kwenye uwanja wa ofisi. Bwana Sasaivi alikuwa amejaribu bastola zake kwenye kichuguu. Ya zamani ilipiga risasi zote sita. Mpya ilipiga moja, kisha kifuniko chake kikaishia katikati ya njia, hakiji mbele hakirudi nyuma.

"Rajabu! Uliiba resori ya ndani!" alipiga kelele kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Uliweka ingine ya ovyo! Wewe utalala gereza, na fimbo utakula!"

Watu walikuwa wamejaa: polisi, makarani, wachukuzi waliongoja safari. Kuiba chuma cha bastola ya mzungu hakukuwa kosa dogo. Kwa kosa hilo mtu angeweza kupelekwa mbali na asirudi. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. 

"Bwana," baba alisema kwa upole, "unipatie ruhusa niifungue hapa, watu wote waone. Kama resori iko ingine, unifunge."

Akaketi chini, akatandaza kilemba chake, akaifungua. Resori ilikuwa ileile, hata karani aliitambua alama yake ya kiwanda. Kisha baba akapitisha kidole kwenye mifereji ya kifuniko. Kidole kilitoka na kitu cha manjano, kizito. Akakisugua, akakinusa. Macho yake yakaupitia umati polepole, yakafika kwangu, yakaendelea na safari yake.

Aliomba petroli, akaosha kila kitu, akaomba matone ya mafuta ya mashine ya kuandika ya karani. Bwana Sasaivi akapiga risasi saba mfululizo, na kichuguu kikatimka vumbi.

"Sasa," alisema, "ilikuwa nini?"

"Mafuta, Bwana. Mafuta mubaya."

"Nani aliweka?"

"Ni mukono yangu," baba akajibu. "Kosa ni yangu mwenyewe."

Kwa hiyo neno la wizi likaanguka. Uzembe ulibaki, na kwa uzembe alipewa siku saba za kung'oa majani kando ya barabara, ameinama tangu asubuhi hadi jioni pamoja na wafungwa. Bastola hazikuletwa kwetu tena. Baba alirudi na mgongo ambao haukunyooka sawasawa mpaka anakufa. Hakuniuliza chochote, nami nikajiambia kwamba hakujua. Nilifurahi kwa hilo, na niliionea haya furaha yangu.

Kitu kimoja tu kilibadilika nyumbani. Siku ya pili baada ya kurudi, baba alipigilia rafu mpya ukutani, chini kabisa, akaweka kopo la mafuta hapo. Nilidhani mgongo unamuuma na hataki kunyoosha mikono. Nikaendelea na kazi yangu ya matone miaka mingi, na kopo sikupanda tena kulifuata.

Alipofariki, mimi ndiye niliyefungasha vitu vya chumba chake cha kazi. Nilikuwa mama wa watoto wanne. Nilipotaka kutoa kopo kwenye rafu ile, ilinibidi niiname sana, na kiuno kikanikamata katikati. Nikabaki hivyo, mkono ukutani, nikiitazama rafu. Ilikuwa kimo cha kifua cha mtoto wa miaka tisa aliyeketi chini kutia matone.

Kila alipohitaji tone la mafuta, kwa mgongo ule, baba yangu aliinama.