Siku Mama Alipojibu kwa Kisukuma

Nilipopewa kufundisha somo la utamaduni katika darasa la nne, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Shule yetu iko Ilemela, Mwanza, juu ya miamba, na watoto wake wanatoka kila upande. Wasukuma ndio wengi, lakini wapo Wajita, Wakerewe na Wajaluo, na wapo Waislamu wa mjini kama mimi, ambao ukiwauliza kabila watakutajia matatu. Babu zangu walikuwa wafanyabiashara, mmoja asili yake Tabora na mwingine Ujiji. Nyumbani tuliongea Kiswahili tu, na sikuona kama kuna kitu kinachopungua.

Kwa hiyo nilifundisha utamaduni wa wengine. Jioni nilisoma kitabu, asubuhi nikawaeleza watoto mambo ambayo baadhi yao walikuwa wameyaona kwao. Tulipofika kwenye vyakula vya asili, niliandika ubaoni michembe na matobolwa, nikasema vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye huuliza kuliko wenzake wote, akataka kujua tofauti. Nikamwambia kwa michembe viazi hukaushwa vibichi, kwa matobolwa huchemshwa kwanza. Akauliza nani aliyeanza kuvichemsha, na kwa nini. Nikafunua kitabu, hakikusema. Akasema bibi yake wa Misungwi amekuja kuwatembelea, labda yeye anajua.

Mwalimu mkuu aliruhusu, bibi akaalikwa. Na kwa kuwa nyumbani kwetu matobolwa hupikwa kwa karanga na iliki wakati wa futari, nilimwomba mama yangu naye aje, watoto waone chakula kimoja kikipikwa kwa namna mbili. Mama alisita, akasema yeye si mtu wa kufundisha. Lakini siku ilipofika alikuwa amevaa kabla yangu.

Tulikusanyika nyuma ya jiko la uji la shule, watoto wamekaa juu ya mawe. Bibi alifika, mjukuu wake kambebea kikapu. Watoto wakamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akamgeukia mama na kumsalimu kwa Kisukuma, nadhani kwa mazoea tu. Nikasogea ili nimweleze kwamba sisi hatuijui lugha hiyo.

Mama akajibu. Haikuwa ile salamu ya asubuhi, mwangaluka, ambayo kila mtu wa Mwanza anaijua. Aliongea maneno mengi, akauliza na yeye, akajibiwa, na wote wawili wakacheka.

Nilibaki nimeshika mwiko. Maisha yangu yote nimekaa karibu na mama, na sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Hata sauti yake ilibadilika, ikawa ya haraka na ya chini kidogo. Mtoto wa Kijita aliyekuwa kando yangu akaniuliza wanasema nini. Ikabidi na mimi nimuulize yule msichana wa dawati la mbele.

"Bibi anamuuliza amekulia wapi," alininong'oneza. "Mama yako anasema Misungwi, dukani kwa baba yake. Alikuwa anaficha sukari kwenye pindo la ushungi, anawapelekea wenzake shambani, na wao wanampa matobolwa."

Nilijua kwamba babu aliwahi kuwa na duka Misungwi. Sikuwahi kujiuliza mama alicheza na nani huko.

Wakapika. Bibi alionja chungu cha mama, akasema iliki inanukia vizuri ila imevifunika viazi. Mama alionja cha bibi, akaomba kuongezewa. Kuhusu nani aliyeanza kuvichemsha, bibi alisema hajui, yeye alimkuta mama yake akifanya hivyo. Alichojua ni kwamba matobolwa mtoto anaweza kuyatafuna hivyo hivyo akiwa njiani, bila kusubiri moto. Msichana aliridhika na nusu ya jibu, akaanza kuuliza habari za vyungu.

Tulipokuwa tunatembea na mama kuelekea stendi ya Buzuruga, nilimuuliza kwa nini hakutufundisha Kisukuma.

"Nilipoolewa huku mjini, nyumba nzima ilikuwa ya Kiswahili," alisema. "Ningeongea na nani? Hata mimi nilidhani Kisukuma kimeshanitoka."

Tangu siku ile yeye na bibi hupigiana simu. Mimi husikiliza nikiwa jikoni, nikikamata neno hapa na pale, kisha namsumbua mama anifafanulie. Ya shambani na ya mvua anayakumbuka. Majina ya ndege yamempotea, na hilo humuudhi.

Likizo iliyopita tulikwenda Misungwi. Mahali pa duka la babu sasa kuna kibanda cha kutengeneza simu. Mama alimuuliza fundi, kijana tu, kama kisima cha zamani, walikochota maji utotoni, bado kipo, na alimuuliza kwa Kisukuma. Kijana alielewa kila kitu, akatuelekeza vizuri hadi kona ya mwisho, lakini kwa Kiswahili. Nikamuuliza kwa nini hakujibu kwa lugha aliyoulizwa. Akaweka bisibisi mezani, akatabasamu, akasema hajui, hajawahi kulifikiria.

Nilitaka kumuuliza zaidi, kwao wanaongea nini, na shuleni aliongea nini. Mama alikuwa ameshatangulia kwenda kukitafuta kisima.