Mafuta ya Transfo na Mtoto wa Kwanza

Nimechoka na habari hii, lakini wacha niseme.

Bwana yangu alikuwa mtu wa reli, fundi wa atelye, karakana ya treni. Siku moja walibomoa transfo ya zamani, lile sanduku kubwa la umeme, na kila fundi akabeba mafuta yake nyumbani. Mafuta yasiyooza, hata yakikaa miaka! Kambini kwetu hapa Kamina tuliwapaka nayo mbuzi wenye upele, na upele ukaisha. Tulifurahi, wajinga sisi. Mpakaji nilikuwa mimi, kwa mikono mitupu, hata nikiwa na mimba ya kwanza. Ngozi ikikauka, nilijipaka na mimi.

Ila mbuzi akizaa mara ya kwanza, mtoto alinyonya siku chache, akadhoofu, akafa. Wa pili aliishi. Tulizoea. Tulisema, "Wa kwanza ni wa kujaribia," tukachimba shimo, tukarudi kazini.

Binti yangu wa kwanza aliishi, nikamshukuru Mungu. Nilimnyonyesha miaka miwili mizima. Sasa ameolewa huko Luena, na mimba mbili zimekwisha kutoka. Wadogo zake wanazaa bila shida. Yeye wakwe wanamnung'unikia. Mwezi uliopita alirudi kwangu na mimba ya tatu. Analala tu, anaogopa hata kutembea mpaka chooni.

Juzi munganga wa nyama, daktari wa mifugo, alipita kuangalia mbuzi, akaona bidoni yangu, dumu la yale mafuta. Akaketi chini.

"Mama, mafuta hii iko sumu, haitokake mu mwili mbio. Inalala mu mafuta ya mwili wa nyama. Akinyonyesha, njo inatoka, inaingia mu mutoto. Wa kwanza anakunywa mingi. Wa nyuma anakuta kidogo."

"Na bantu, watu kama sisi?" nikauliza.

Akaangalia viatu vyake. "Bantu pia, mama. Lakini mimba kutoka iko na sababu mingi. Siwezi kusema njo hii."

Hawezi kusema. Mimi nitasema nini? Nimezaa wengine wanne baada yake, wazima wote. Yeye ndiye aliyenisafisha mwili, wenzake wakapita njia iliyofagiliwa. Nilimwaga uchungu huo wote kwenye ufagio, nikafagia uwanja mara mbili.

Kisha nikaingia chumbani. Binti yangu alikuwa ameshika tumbo.

"Mama," akaniuliza, "miye nilikosa nini?"

"Weye haukukosa kitu, mwanangu. Ni miye. Nilikunyonyesha."

Akacheka kidogo, akanishika mkono.

"Aksanti, mama," akasema. Alidhani namfariji.