Libardo Cañate na Amplifaya ya Mpinzani Wake

Pale Rebolo, mtaa wa Barranquilla wenye kelele kuliko yote, Libardo Cañate alijulikana kwa mambo mawili: maji ya miwa aliyokamua pembeni mwa soko, na sikio lake. La sikio alilitangaza mwenyewe, asije mtu akasahau.

Jioni alipangusa vumbi kwenye pikó yake, Mwewe. Pikó ni sanduku la spika refu kuliko mlango, nalo lake lilichorwa mwewe mwenye macho ya mlevi. Lakini pikó bila amplifaya ya zamani, ile ya valvu za kioo, ni kabati tu. Hizi za siku hizi zinapiga kelele. Zile za zamani besi yake inakuingia kifuani ikakaa humo kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Ya Libardo ilikuwa imekufa, na karamu ya mtaa kabla ya Kanivali ilikuwa inakuja, naye ameshawaahidi watu kwamba Mwewe ataimba. Basi aliposikia Bi Eneida wa Soledad, mji wa jirani, anauza amplifaya ya marehemu mumewe, aliacha miwa mashineni akaenda.

Sasa huyo marehemu, Hernando Obeso, mwenye pikó iliyoitwa Radi, ndiye aliyemwaibisha Libardo. Miaka thelathini nyuma walipambana uwanjani, pikó kwa pikó, na watu wakahamia kwa Radi mmoja mmoja mpaka muuza bia naye akasukuma toroli lake. Libardo tangu siku hiyo husema upande wake umeme ulikatika. Haukukatika. Feni ya muuza samaki, aliyevuta umeme waya mmoja na yeye, ilizunguka mpaka asubuhi.

Amplifaya ya zamani hainunuliwi kama papai, kwa kutazama rangi. Unaigeuza, unainusa, unaiacha iwake saa nzima, halafu unaweka kiganja juu ya transfoma kama unapima homa ya mtoto. Libardo alikuwa amewafundisha hayo vijana wa mtaa mzima. Yeye alisikiliza wimbo mmoja, macho yakamlowa, akalipa.

Nyumbani ndipo alipoigeuza. Chini, Hernando alikuwa amemwaga lami nyeusi juu ya nyaya zote, asijue mtu zilivyoungwa. Na namba za valvu zilikuwa zimekwanguliwa, kama wenye pikó tunavyokwangua jina kwenye santuri ili jirani asiitafute. Siku ya tatu valvu moja ikafa. Libardo akachomeka nyingine iliyofanana nayo. Ikawaka zambarau, ikanuka, ikafa pia.

Akamwita Wilfrido, fundi redio.

"Kaka, mbona hukuigeuza kabla ya kununua?" Wilfrido akauliza.

"Niliisikiliza."

"Kwa hilo sikio lako?"

"Tengeneza, acha maneno."

"Valvu za umbo hili zipo aina kama kumi. Moja ndiyo yenyewe. Ukikosea tena unaichoma transfoma, na transfoma hii kaka, aliyeisuka yuko kaburini. Mimi siigusi. Nenda kwa mjane."

Libardo akarudi Soledad. Bi Eneida alikuwa anakunja bollo, madonge ya mahindi ya kuchemsha, kwenye maganda. Alimsikiliza bila kuinua kichwa.

"Shemeji," Libardo akasema, "labda marehemu aliacha karatasi."

"Hernando karatasi? Macho yake hayakuona hata bei ya nyama. Aliyekwangua namba ni mimi, kwa tupa yangu ya kucha, mezani hapa hapa. Nazijua zote."

Libardo akavuta kiti. "Basi nitajie, mama yangu."

"Nitakutajia. Na wewe siku ya karamu utashika maikrofoni uwaambie watu ukweli wa siku ile."

"Ukweli upi?"

"Aa, kumbe na kichwani kwako umeme umekatika."

Libardo akaokota ganda la mahindi, akalichana nyuzi nyuzi. Miaka thelathini mtu amelala na uongo wake, anaujua hadi unavyokoroma. Mwishowe akasema sawa, na Bi Eneida akamtajia namba palepale, bila kumwapisha, kisha akamfungia bollo mbili za njiani.

Jumamosi, siku ya karamu, Mwewe aliimba. Vikombe vilitembea mezani vyenyewe. Wazee waliokuwa hawasalimiani walicheza bega kwa bega, na Wilfrido alibandika kiganja kwenye sanduku la spika akasahau kukiondoa. Bi Eneida alikuja na gauni la kijani, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa. Hakumkumbusha Libardo kitu. Alicheka na majirani, akanywa soda yake.

Libardo akapiga wimbo, akapiga mwingine. Alijiambia bado mapema. Kisha akajiambia watu wamenogewa, si vizuri kuwakatiza. Valvu anazo, nani atamnyang'anya? Lakini kila besi ilipoingia kifuani mwake aliitambua. Ndiyo ile ile iliyomnyang'anya watu uwanjani, na hata siku ile, Mungu amsamehe, miguu yake mwenyewe ilikuwa imetaka kwenda.

Akanyanyua sindano kwenye santuri. Watu wakageuka.

"Siku ile na Radi," akasema kwenye maikrofoni, "umeme haukukatika. Hernando Obeso alinishinda. Alinishinda vizuri."

Sauti ilitoka nene, ikafika mtaa wa tatu. Mtu akapiga mluzi. Muuza bia, mtoto wa yule wa zamani, akasema, "Baba alituambia tangu zamani, mzee, tulikuwa tunakustahi tu."

Bi Eneida akainuka, akanyoosha gauni, akasogea mpaka mbele ya Mwewe.

"Na lile la marudiano, Mwewe na Radi?" akauliza.

"Shemeji, la marudiano hukulitaja."

"Sikulitaja kwa sababu sikujua kama wewe ni mtu wa kutimiza neno. Sasa nimejua. Sanduku la Radi bado ninalo, na amplifaya tutapokezana."

Libardo akakohoa, akaisogeza maikrofoni karibu na mdomo awatangazie watu marudiano.