Tone la Maziwa Lililoonyesha Mwanga

Shangazi yangu alikuwa mfagizi katika maabara ya chuo. Humo wanasayansi walikuwa na kamera yenye kasi ya ajabu, iliyoundwa kupiga picha mwanga ukiwa bado njiani. Kila siku walirusha mmweko mfupi wa mwanga ndani ya chupa ya maji, lakini wiki nzima kamera iliambulia giza tupu. Profesa aliyewaongoza akaanza kuishuku kamera, akaifungua skrubu moja moja.

Shangazi, ambaye kunyamaza hakukuwa fani yake, aliegemea ufagio akasema, "Samahani, Profesa. Maji yenu ni safi mno."

"Mama, usafi ndio tunaoutaka."

"Nafagia hapa mwaka wa kumi na mbili. Jua likiingia dirishani, mwale wake siuoni mpaka nitimue vumbi. Mwanga usipogonga kitu, utauonaje?"

Profesa akachukua maziwa yao ya chai, akatia tone moja kwenye chupa. Safari hii, picha zilipochezwa polepole kwenye skrini, kipande cha mwanga kilionekana kikijikokota kutoka kitako cha chupa hadi kizibo, kama kiwavi aliyeshiba. Profesa, mtu mzima na mvi zake, akarukaruka.

Shangazi aliomba kutazama tena, mara tatu.

Ripoti ilipotoka, jina lake lilikuwa la tatu kutoka juu kwenye orodha ya waandishi. Tulipompongeza nyumbani, alisema wamekosea herufi moja, ila amewasamehe kwa kuwa wamesoma sana.