Ufunguo wa Kanisa la Uchochoroni

Kila asubuhi pale mjini Šibenik, bibi anayelinda kanisa dogo la uchochoroni humlalamikia jirani yake Tonka, mikono ikifuma soksi ileile tangu Pasaka: "Wageni wote wanakimbilia kanisa kuu. Huku haji hata paka!" Jana wakaja wawili, wakihema kwa kupanda ngazi.

"Bibi, tunaomba kuliona kanisa."

"Limefungwa."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi," akajibu, akiupapasa kifuani, wala hakuinuka. Wakashuka wamenuna.

Tonka alipochungulia baadaye, alimkuta bibi ndani ya kanisa, akimfuta vumbi Bikira Maria wa mbao kwa pindo la aproni, taratibu, kama anayemwogesha mtoto.

"Wameshaondoka, mwenzangu," bibi alimnong'oneza Maria. "Wangekupiga picha, na uso hujanawa!"