Kitunga Nilichokirudisha Mlangoni

Ninamshukuru Mungu aliyenihifadhi juu ya vilima hivi vya Masisi mpaka meno yamepunguka, na bado ananipa mvua na maharagi. Sifa zote ni zake. Kosa ninaloeleza hapa ni langu.

Nilikuwa mzee wa kanisa. Kila Jumapili ya mavuno, waamini walikuwa wakimwaga maharagi juu ya mkeka mbele ya madhabahu, na mchungaji akiweka mikono juu ya lile fungu na kuomba. Mjane mmoja, jirani yetu, ndiye aliyetangulia siku zote. Kitunga chake kilikuwa kidogo, lakini maharagi yake aliyachambua mpaka hukuti hata jiwe moja.

Kisha tukataka mabati ya kanisa. Kupeleka magunia sokoni kulikuwa hatari. Kwenye vizuizi vya njiani wenye bunduki walichota watakavyo. Ndipo nikatoa shauri: kila mtu auze mavuno yake hapa hapa kijijini, sadaka aitume kwa simu. Mwanangu anayechimba dhahabu kule Omate alikuwa akinitumia hivyo pesa za dawa, nami nilijiona mjuzi. Wote wakakubali.

Jumapili ya mavuno yule mama mjane akafika na kitunga kichwani. Nilikuwa mlangoni.

"Mama, siku hizi tunapokea kwa simu. Uuzishe kwanza, kisha utume."

"Papa, Mungu naye iko na simu?"

"Iko nayo, Mama," mwimbaji mmoja akadakia nyuma yangu, "lakini hapokeaka bipu!"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Yeye akatabasamu, akageuka na kitunga chake.

Alitii. Aliuza, na kwa kuwa hakuwa na simu, akamwomba mwenye kibanda cha kutuma pesa aitume kwa niaba yake. Jumapili iliyofuata katibu alisoma mesaji moja moja. Sadaka ya yule mama ikasomwa kwa jina la mwenye kibanda, na kanisa zima likampigia huyo makofi. Mama alikuwa ameanza kunyanyuka kwenye benchi. Akaketi tena. Nilimwona. Ningeweza kusema neno moja tu. Niliona haya kumkatiza katibu.

Kabla sijapata moyo wa kwenda kumwomba msamaha, binti yake alimchukua akaishi naye Walikale.

Mabati yapo, hayavuji, namshukuru Mungu. Simu hatukuiacha, kwa maana njia bado ni zile zile. Mkeka tumeurudisha kwa anayetaka kuleta kitunga. Na kila mavuno huingia mesaji ya sadaka kutoka Walikale, kwa jina tusilolijua. Mwaka jana nilipiga namba ile.

"Ndio mimi natumaka, lakini si yangu," mwanamume alijibu. "Iko ya mama moja muzee. Alisema mutamujua."

"Iko hapo? Nipe nimusemeshe."

"Ametoka sasa hivi, Papa. Nimuambie nini?"

Msamaha nilioubeba miaka yote sikuuomba. Nikasema tu, "Umuambie imefika."

Jumapili iliyofuata nilisimama nikawaambia wote sadaka ile ni ya nani. Wakapiga makofi sana. Yeye hakuwapo kuyasikia.

Wewe unayesoma, Mungu abariki mikono yako na kile inachobeba, na akupe kuomba msamaha wakati unayemwomba bado yuko karibu.