Kazi Niliyoipanga Bila Kuwaambia wa Nyumbani

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu.

Nilikuwa muuguzi kijana wa zahanati hapa Ifakara, nimeolewa mtaa wa Mlabani, nina mtoto wa miaka mitatu. Msimu wa mpunga akina mama huhamia mashambani ng'ambo ya mto, wakaishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, wakiamia ndege wasile mpunga, na watoto wao wakakosa chanjo. Mimi nabaki zahanati natazama mabenchi matupu. Nikamwomba mganga mfawidhi nibadili utaratibu: kila Alhamisi nivuke Kivukoni na deli la barafu lenye chanjo, niwafuate huko huko. Akakubali. Mwanangu, kazi ikanipa raha! Nikawa narudi nyumbani naimba.

Ila mchovya asali hachovyi mara moja. Nikaongeza Jumanne, kisha Jumamosi, nikayafuata hata mashamba ya mbali. Mganga nilimwambia. Wale akina mama niliwaambia. Nyumbani sikumwambia mtu. Kazi ni yangu, wao inawahusu nini?

Jumanne moja mto ukajaa, kivuko kikasimama. Daraja lilikuwa bado halijajengwa, na simu za mkononi hatukuwa nazo. Nikalala kwenye dungu la mama mmoja, tukala wali kwa kambale, tukacheka. Mimi nilijua niko salama, nikaona yatosha.

Kesho yake nikavushwa kwa mtumbwi upande wa juu. Nilipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa mlangoni, kamshika mjukuu wake mkono.

"Shikamoo mama."

Akatazama nyuma yangu. "Mwenzio umemwacha wapi?"

"Nani, mama?"

"Mumeo. Jana usiku mganga kamwambia umevuka, naye kaingia mtoni tangu alfajiri na mtumbwi wa kuazima, anakutafuta wewe. Na kuogelea hajui."

Tukaenda Kivukoni, tukasimama ukingoni mchana kutwa. Maji yalipita na magogo, na kila gogo mimi niliona mtu. Hapo ndipo mama mkwe aliponiambia, taratibu: "Kazi umeikata, umeishona upya, imekukaa vizuri. Lakini tunaivaa wote, na sisi hukutupima."

Mume wangu alirudi jioni, ameloa chapachapa, miguu imechanwa na matete. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Umekula?" Nikalia.

Mwanangu, sikukatazi kuibadili kazi yako. Kazi isiyoguswa humkausha mtu, nami ile sikuiacha. Lakini nasikia umehamisha zamu, umejiongezea vikao, sasa umejichukulia na vijiji vya Sanje, na mimi naingiwa na hofu. Wa nyumbani wanajua? Kabla hujaenda kwa bosi wako, keti nao. Waambie siku, njia na saa ya kurudi, na ukiwaona wanasita, wasikilize. Maana wewe ukiwa huko huna hofu. Yote umewaachia wao.

Mungu akupe kazi ya kukufurahisha, na kila jioni akukutanishe na wako wote wakiwa hai.